Mlango Uliogonga Probox

Kwa niaba ya Wakala wa Baraka wa kampuni ya bima, Asiransi Tuliza-Moyo, nilipata heshima ya kutangaza kwamba kwa mwaka wa sita mfululizo mji wetu haukupata ajali hata moja. Kweli, mitaro imepokea magari, pikipiki zimeingia dukani bila kupiga hodi, na lori moja la mihogo lililala kiubavu siku nne kwenye njia ya Fizi. Lakini ajali inayohesabiwa kisheria ni ile ambayo dosye yake, yaani faili, imekamilika. Kwetu hakuna dosye iliyokuwa imewahi kukamilika. Ndiyo maana makao makuu ya Uvira yaliamua kumvalisha Mkurugenzi wetu, Bwana Wilfried, medali ya Barabara Salama. Jumamosi, saa nne kamili asubuhi.

Mimi ni Lionel, Mkuu Msaidizi wa Huduma ya Maswali. Niliajiriwa kwa sababu ya diploma yangu ya sekondari na mwandiko mzuri. Mkuu mwenyewe hajateuliwa bado. Kiti chake kipo, nakifuta vumbi kila Jumatatu.

Sasa tukio. Mama Dorothée ana Probox nyeupe, anaiendesha mwenyewe, taksi ya Baraka na Mboko. Siku hiyo alisimama mbele ya soko kushusha abiria. Dieumerci, dereva wa pikipiki, akapita pembeni amefunga mlango mpya wa mbao nyuma yake, kingamo, kama mabawa ya ndege. Ncha ya mlango ikaichukua taa ya nyuma ya kushoto. Dieumerci alishuka akaomba msamaha. Mama Dorothée alimtukana kidogo, kwa kiasi. Wakaelewana. Mahali pasipo na utaratibu, mambo yangeishia hapo. Kwa bahati nzuri Mama Dorothée alikuwa na asiransi.

Nilifika na rejista yangu kabla hajawasha gari.

"Usisogeze gari, mama. Kanuni ya Pili. Ukilisogeza, asiransi inakufa, na bila karatasi ya asiransi polisi watalichukua."

"Mupaka lini?"

"Mpaka mtaalamu atoke Uvira."

"Na atakuya siku gani?"

"Akishapata gari la kumleta."

"Mi niko na gari. Niende nimuchukue?"

"Gari lako haliwezi kusogea, mama. Liko kwenye ajali."

Alinitazama hivi, kutoka viatu mpaka nywele, kisha akaenda kukaa kivulini.

Wiki tatu zikapita. Dieumerci alikuwa ameweka vijiti mbele na nyuma ya Probox kuonya wapita njia, kama kila mtu anavyofanya hapa gari likiharibika. Bahati mbaya aliokota vijiti vya mihogo. Mvua ikanyesha, vikachipua. Suzanne, muuza ndagala, aliona boneti ina joto zuri la jua akaanika samaki wake juu. Jioni alikuwa akichuma majani ya mihogo, sombe, kwenye eneo la ajali na kwenda nayo nyumbani. Mimi niliyaandika yote katika rejista, chini ya kichwa "Maendeleo".

Dosye yenyewe ilikwama kwenye swali la kumi na nne la fomu: je, wakati wa ajali mlango ulikuwa wazi au umefungwa? Nilimwita Dieumerci bironi, ofisini kwetu.

"Mulango ilikuwa juu ya pikipiki, shefu."

"Sikuuliza ulikuwa wapi. Wazi, au umefungwa?"

"Haikuwa na ukuta."

Niliandika: mhusika anakwepa swali.

Alhamisi Mama Dorothée aliingia bironi bila kubisha. Mkurugenzi Wilfried alikuwa anakunywa chai. Termosi yake hukaa juu ya boksi moja kubwa ambalo limekuwa humo tangu wakala ufunguliwe.

"Shefu," akasema Mama Dorothée, "Jumamosi mutoto wangu Arlette anaolewa Mboko. Niliambia bakwe yangu ataingia mu gari ya mama yake. Sasa unataka apande pikipiki na ile veli ya arusi, upepo ya ziwa imubebe mupaka Ubwari?"

"Vumilia, mama. Dosye iko inatembea."

"Inatembea? Basi ipite kwangu imuchukue Arlette."

Mkurugenzi ni mtu wa huruma. Aliweka kikombe chini, akaamuru yafanyike Maigizo Rasmi ya Ajali, Ijumaa saa tisa, ili swali la kumi na nne lipate jibu kwa njia ya kisayansi.

Ijumaa soko zima lilikuja. Mlango ulikuwa umekwisha kuwekwa kwenye nyumba ya mzee mmoja. Tuliung'oa, mzee akaketi kizingitini kuziba nafasi. Dieumerci alileta pikipiki yake, lakini Mkurugenzi akaikataa, maana mhusika hawezi kuigiza kosa lake mwenyewe. Gari la wakala, jipu, lingechukua nafasi ya pikipiki.

"Shefu," Dieumerci akasema, "jipu iko munene."

"Kwa macho tu. Kiutawala, vyote ni vyombo vya magurudumu."

Tulifunga mlango kingamo juu ya jipu. Mkurugenzi alipanda mwenyewe, amevaa suti mpya ya medali, alitaka kuijaribu kidogo. Akaja kwa mwendo wa heshima. Akapita pembeni ya Probox pale pale ambapo pikipiki ilipita, isipokuwa nafasi ilikuwa ya pikipiki.

Jipu lilipoteza taa ya mbele na kioo cha pembeni. Mlango haukupata hata mkwaruzo. Taa ya Probox haikuvunjika, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Nilifungua rejista.

"Lionel, unaandika nini?"

"Ajali, shefu."

"Hii si ajali. Tulikuwa tunaigiza."

"Kanuni ya Kwanza, shefu: mguso wowote kati ya vyombo viwili ni ajali. Sahihi chini ya kanuni ni yako."

Mkurugenzi akaweka gia ya kurudi nyuma.

"Usisogeze gari," soko zima likasema. Wiki tatu walikuwa wamezikariri kanuni zetu. Dieumerci alikuwa tayari anakuja na kifungu cha vijiti vya mihogo.

Mkurugenzi akashuka, akanivuta kando. "Kesho niko Uvira saa nne. Fungua dosye yangu, tumalize."

"Haiwezekani, shefu. Kanuni ya Saba: mahali pamoja, dosye moja. Ya Mama Dorothée haijafungwa."

"Ifunge."

"Inangoja mtaalamu."

Hapo akakumbuka Kanuni ya Ishirini, kwamba panapo dharura Mkurugenzi anaweza kuwa mtaalamu. Aliinama, akaitazama taa ya Probox kwa muda wa kusema amina, akatamka: "Imevunjika." Akasaini nakala nne juu ya boneti, katikati ya ndagala. Nakala ya tatu bado ina magamba.

"Na swali la kumi na nne, shefu?"

"Ruka."

Nilitumwa bironi kuleta taa mpya. Ilikuwa ndani ya boksi la termosi, pamoja na nyingine kumi na moja. Dieumerci akaifunga. Vijana wakaisukuma Probox, ikakohoa, ikawaka. Mama Dorothée aliketi kwenye usukani akafuta macho kwa kitambaa cha kufutia kioo, akisema ni vumbi.

"Sasa yangu," Mkurugenzi akasema.

"Kanuni ya Ishirini, aya ya pili: hakuna mtu anayekuwa mtaalamu wa ajali yake mwenyewe."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Wewe, shefu. Ulikuwa humuamini naibu wako wa wakati huo."

Kabla ya kufunga biro nilituma Uvira ripoti ya kila Ijumaa: Baraka, ajali iliyokamilika, moja. Imesainiwa na Mkurugenzi. Sikutaka kumsumbua kwa jambo dogo namna hiyo.

Jumamosi asubuhi Suzanne alikuwa amehamishia ndagala zake kwenye boneti ya jipu. Alisema ni pana zaidi. Mkurugenzi alisimama kando ya barabara na suti yake, akipunga mkono. Pikipiki zilipita zote zimejaa watu wa harusi. Mwishowe ikaja Probox imefungwa maua, Arlette mbele na veli yake, nyuma mashangazi na masufuria. Ikasimama. Mimi nilikuwa hapo na rejista, kikazi.

"Mama Dorothée," akasema Mkurugenzi, "unifikishe hata Mboko tu. Kule nitapata gari ingine."

"Fasi iko moja, shefu, pamoja na masufuria. Lakini ujibu kwanza. Huu mulango iko wazi ao imefungwa?"

Alikuwa anaonyesha mlango wa Probox, uliorudishwa bila kubanwa. Mkurugenzi aliutazama, akainama, akautazama tena kwa upande, kama mtu anayejua kwamba jibu lake litaandikwa.

"Lionel," akaninong'oneza, "tunasemaje?"

"Swali hilo linangoja mtaalamu, shefu."

Mama Dorothée alinyoosha mkono, akaubana mlango vizuri, akaweka gia. Mbele kidogo alipunguza mwendo kupisha bata wa watu, na taa za nyuma zikawaka, zote mbili. Kisha Arlette akaenda kuolewa.