Sampuli ya Mapipa Manne

Sukari alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa mashavuni, redio ilipotangaza kwamba wataalamu wataanza kupita kwenye vituo vya mafuta kuchunguza kama dawa mpya inayotiwa kwenye petroli inawadhuru wanaoivuta. Wateja wenzake waliposikia hivyo walifikiria mapafu yao. Sukari alifikiria koti jeupe.

Aliliazima kwa muuza nyama. Akalifua mara mbili, na doa moja likagoma kutoka. Kipimo alikipata kwa fundi wa matairi: geji ya upepo. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshawapanga foleni wafanyakazi wa kituo kimoja kikubwa.

"Puliza hapa, dada. Kwa nguvu."

Dada wa pampu ya pili, mjamzito, akapuliza. Mshale wa geji haukutikisika.

"Safi kabisa," alisema Sukari.

"Mbona kichwa kinaniuma kila jioni, daktari? Na huyu mtoto je?"

"Mtoto yuko salama."

Jibu lilimtoka haraka, kama yalivyomtoka mengine yote maishani mwake, ila hili lilimwachia ladha mbaya mdomoni. Akailaumu petroli.

Mwenye kituo alimkaribisha ofisini kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye tabasamu lisilochoka.

"Bosi," Sukari alianza kwa huzuni ya kitaalamu, "hali si nzuri. Lakini mimi ni binadamu. Naweza kusema kituo chako hakina tatizo. Nahitaji sampuli tu nikapime."

"Chupa ngapi?"

"Chupa ni za watoto wa shule. Sayansi inataka mapipa. Mawili hivi."

"Chukua manne, ndugu yangu. Sayansi isife njaa."

Akakunja mikono ya shati, akayatoa mapipa stoo ya nyuma, akayapakia mwenyewe kwenye pikapu aliyokuja nayo Sukari. Hata kamba alifunga yeye. Sukari aliondoka akiwaonea huruma matajiri. Mwizi aliyefungiwa mzigo na mwenye mali angetakiwa ajiulize swali moja au mawili, lakini Sukari alikuwa na mnunuzi anayemsubiri.

Hakumfikia. Harufu kali ilimpanda kichwani, machozi yakamtoka, akaegesha pembeni akitapika. Gari lililosimama kumsaidia lilikuwa la wataalamu wenyewe, wakielekea kituoni. Mkuu wao, mama mmoja mwembamba, alifungua pipa, akanusa kwa mbali, akalifunga upesi.

"Dawa iliyotiwa humu imezidi mara nyingi kiwango kinachoruhusiwa. Mali ya nani hii?"

"Ya kituo pale nyuma."

Mama akapiga simu kituoni, akaiweka kwenye spika. "Mapipa?" ilisema ile sauti yenye tabasamu. "Sina mapipa, mama. Nimesikia tu kuna daktari wa uongo anazunguka na mafuta machafu. Mshikeni huyo, anaua watu."

Sukari alipekua akilini kutafuta uongo mmoja wa kumwokoa. Hazina ilikuwa tupu.

"Mama, mimi ni tapeli," alisema.

"Tapeli wa nini?"

"Nilimdanganya kwamba mimi ndiye wewe. Niliomba mapipa mawili, akanipa manne."

Dereva wa wataalamu aligeuza uso, mabega yakamtikisika. Mama hakucheka.

"Na kuna dada pampu ya pili," Sukari aliongeza, akijifuta mdomo kwa koti la muuza nyama. "Ana mimba. Nilimwambia yuko salama. Mpimeni yeye kwanza."

Walipofika, mwenye kituo alikuwa langoni na soda baridi za wageni. Alipomwona Sukari akishuka, hakupepesa hata kope.

"Huyu mtu simjui kabisa."

Wataalamu wakaanza na dada wa pampu ya pili: wakamkalisha kivulini, mbali na mafuta, wakamfunga mpira mkononi wamtoe damu. Akainua kichwa.

"Jamani bosi, si daktari wako wa asubuhi? Ulimpakilia mapipa mpaka ukachana shati."

Watu wote wakalitazama kwapa la mwenye kituo. Alibana mkono ubavuni, lakini alikuwa amechelewa.

Wawili hao waliondoka kwa gari moja la polisi, kwenye benchi moja jembamba. Njiani mwenye kituo alinong'ona kwa uchungu wa kweli:

"Siku hizi huwezi kumwamini mtu, ndugu yangu."

"Usiniambie," alisema Sukari, akajisogeza kumpisha akae vizuri.