Bitana ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Jua zuri, upepo kidogo. Mama mkwe ametangaza: macho yake hayalioni tena tundu la sindano, kwa hiyo cherehani yake ya kukanyaga anaigawa. Ni mimi au wifi yangu, yule atakayeshona mfarishi mzuri zaidi. Tushone kwa mkono, uani, mbele yake, mpaka Jumapili. Kila jioni atakusanya kazi zetu na kuzifungia chumbani kwake, tusije tukachezeana rafu. Ananijua huyu mama.

Naitaka cherehani hiyo kuliko chakula. Nitaiweka barazani, nitaitwa fundi. Sasa hivi naitwa mke wa yule mrefu.

Tatizo ni moja tu. Wifi anajua kushona, mimi najua kusema.

Mbinu ya kwanza: nilimsifia wifi mfululizo mpaka akajichoma kidole. Alikifunga kitambaa, akaendelea. Mishono yake ikazidi kunyooka!

Viraka ninavyo tayari. Ni mashati ya mume wangu, mengine bado anayavaa. Bitana nimeifua, nyeupe pee, nimeianika majanini nyuma ya nyumba.

Jumanne, tarehe 8

Nilimwahi wifi. Aliponikuta nimekwishaanza akasema kutangulia si kufika. Kijicho tu.

Mfarishi ni matabaka matatu: bitana chini, pamba katikati, viraka juu. Chumbani kwetu hata mkeka hautandazwi ukaenea, ndiyo maana kazi hii tunaifanyia nje siku za jua. Bitana niliikuta imetandazwa vizuri, mawe kila pembe. Nikadhani mume wangu kanisaidia. (Tangu lini?) Nikapanga pamba, nikapanga viraka, nikapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza. Kilichozidi nikakata kwa mkasi. Raha!

Baada ya chai mama mkwe akauliza nani amechukua sanda yake.

Sanda. Alijinunulia alipougua mwaka juzi. Ameitia alama ya uzi mwekundu kwenye pembe, na jua likikaa sawa huitoa ipate hewa isiliwe na nondo. Nikageuza pembe ya mfarishi wangu, kidogo tu.

Uzi mwekundu.

Bitana yangu mimi ilikuwa kando pale, imekauka, inanitazama.

Mungu wangu. Nimeishonea viraka sanda ya mama mkwe. Na nimeikata! Nimempunguza urefu!

Nikasema labda upepo. Mama akasema upepo hauwezi kutoa mawe ukayapanga kando. Nikasema basi mbuzi. Wifi akasema hapa hakuna mbuzi. Ikabidi nitafute kuliko wote. Nilichungulia hata ndani ya pipa la maji.

Kile kipande nilichokata nimejifunga kiunoni, ndani ya gauni. Chumbani hakufichiki kitu, mume wangu anapekua kila mahali akitafuta mashati yake.

Jumatano, tarehe 9

Jua kali. Naomba mvua.

Nikipata muda kidogo peke yangu nitaufumua wote. Sipati. Kukiwa na jua hivi nyumba nzima imehamia uani, na jioni mama anakuja kuchukua kazi. Usiku analala na sanda yake chumba kimoja bila kujua!

Nimeukalia mfarishi siku nzima. Siinuki. Nimesema goti linauma. Wifi akaomba kuuona mgongo wa kazi yangu. Nikamwambia kwetu mgongo hauonyeshwi kabla ya kazi kwisha. Akauliza kwetu wapi.

Kiuno kinawasha.

Alhamisi, tarehe 10

Kaja jirani yetu tunayemwita Redio. Ameambiwa habari ya sanda, akatoa yake: sanda ikiondoka yenyewe, imetangulia kumwandalia mwenyewe mahali.

Watu walicheka. Mama mkwe naye alicheka. Lakini mimi nilikaa karibu naye, nikakiona kikombe kikitetemeka mkononi mwake. Sijawahi kumwona mama huyu akiogopa kitu. Nimeshindwa kula.

Ijumaa, tarehe 11

Mama hakutoka nje. Amekaa kitandani, kavaa gauni la safari na viatu. Amemwita mume wangu, akamuusia kuku wake wote, mmoja mmoja. Mume wangu yuko jikoni analia. Nilidhani analilia mashati.

Naogopa. Akijua, ataniua. Asipojua, atakufa yeye, na aliyemuua ni mimi na sindano yangu.

Nilikwenda mpaka mlangoni kwake kuungama. Akauliza nani. Nikasema paka. Akasema basi paka aingie. Nikakimbia.

Jumamosi, tarehe 12

Mbinu! Niliichukua bitana yangu, nikaitia uzi mwekundu kwenye pembe, nikampelekea mama mbio. Nimeiona, mama, ilikuwa imenasa kwenye ua!

Aliipokea. Akaipapasa kwa vidole, taratibu, akaipapasa tena. Yake ilikuwa nzito zaidi, akasema. Kisha kwa sauti ndogo sana: "Wamenibadilishia."

Nani, mama? Akageukia ukutani.

Sasa ameacha hata chai. Nimeharibu maradufu.

Jumapili, tarehe 13

Mume wangu na wifi walimbeba mama wakamlaza uani, apate joto. Alikuwa anatetemeka juani! Wifi akatafuta cha kumfunika. Mfarishi wake mwenyewe ulikuwa mwembamba, wa kistaarabu. Wangu nilikuwa nimeujaza pamba mpaka umevimba. Akauchomoa chini yangu kwa nguvu, goti na kila kitu, akamfunika.

Pembe ikamfika kidevuni.

Tundu la sindano halioni, lakini uzi ule aliuona. Akaushika, akausogeza machoni. Nikatazama lango. Redio alikuwa amesimama hapo hapo, kaliziba lote.

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamvuka. "Kumbe hakuna anayeniita! Ni huyu tu!" Akadai chai. Akadai mkate. Akamnyang'anya mume wangu kuku wake wote.

Halafu akajinyoosha chini ya mfarishi. Miguu ikabaki nje. Akauliza kilichobaki kiko wapi. Nikafungua gauni, nikajifungua sanda kiunoni mbele ya watu wote. Redio atakuwa na kazi mwezi mzima.

Hukumu: nitaumalizia mfarishi ule ule, kwa mkono, na kuurefusha mpaka ufunike miguu. Siku akienda, aende nao, maana ameona una joto. Ila nisiharakishe hata kidogo. Alinishika mkono aliposema hivyo, na mkono wake ulikuwa umetulia. Nililia. Kwa kweli nililia.

Cherehani? Ataamua siku mfarishi utakapokwisha, na anayecheza rafu asahau.

Jumatatu, tarehe 14

Nimejifunza. Ujanja sitaki tena. Mtu akiri kosa mapema, aishi kwa amani.

Lakini mfarishi ni mkubwa, na vidole ni vyangu. Basi asubuhi nilimnong'oneza wifi kwamba siku ile mama alipokuwa akisubiri kufa, aliingiza pete ya dhahabu ndani ya pamba. Anayeshona ndiye atakayeigusa. Loo! Wifi hakuniacha hata nishike sindano. Anashona, anapapasa, anashona. Mishono mizuri ajabu! Mimi nakunywa chai kivulini.

Mama mkwe akatokea. Akamuuliza wifi anapapasa nini. Wifi akasema yote, bila kuacha hata nukta.

Mama akanigeukia. Akasema maisha yake yote hajawahi kuwa na pete ya dhahabu. Je, mimi niliiona?

Ningesema nini? Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema ndiyo, mama, kwa macho yangu haya mawili.

Vizuri, akasema. Kesho tutaufumua wote, mbele yake, tuione.

Sasa niko chumbani na kipande cha sabuni, najaribu kuvua pete yangu ya ndoa. Haitoki. Nimenenepa lini? Mume wangu amelala kidogo baada ya chakula, mkono wake unaning'inia nje ya kitanda. Yake inaonekana kulegea.