Asilimia Tisini na Nne

Jumatatu, 9 Juni. Ukungu mwembamba asubuhi, umeondoka saa tatu. Jua la kiasi. Upepo hakuna.

Siku nzuri ya kuanza jambo. Nimeamua: kumwita Tuone, basi tena.

Tuone ni fundi simu, mlango wa tatu kutoka dukani kwetu. Kompyuta yetu ikipiga chafya tu, Shangazi anamwita. Anaingia, anasema "Tuone," anakalia kiti changu, anabonyeza vitufe viwili, na Shangazi anamkorogea chai vijiko vitatu vya sukari. Mimi ninayechapa na kujalidi hapa mwaka wa sita sasa nakorogewa kimoja. Tena kisichojaa.

Ni yeye aliyetuwekea Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta yetu. Kila akiondoka huniambia: dada, ikikuuliza swali, usijibu, niite.

Leo saa tisa alasiri ikaniuliza. Toleo jipya la mfumo limetoka, je, niboreshe? Tuone yuko ukweni hadi Jumapili. Shangazi alikuwa chumba cha nyuma anakata karatasi. Nikajibu Ndiyo. Nilibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu. Si kwa hofu, kwa heshima.

Sijawahi kuona kitu kama kile! Mistari midogo ilipanda kwenye kioo kwa mamia, kila mmoja ukijitaja jina na kazi yake, wala hakuna uliomsukuma mwenzake. Nilisahau kufunga mdomo. Shangazi aliuliza kama jino linaniuma.

Saa kumi na moja jioni ilikuwa imefika asilimia tisini na nne. Saa kumi na moja tunafunga, na kanuni namba moja ya duka, niliyoiandika mwenyewe na kuibandika ukutani, ni kwamba soketi zote huzimwa. Nikawaza. Sekondari nzima sikuwahi kupata tisini na nne katika somo lolote. Ni alama ya juu mno.

Nikachomoa.

Jumanne, 10 Juni. Mawingu. Manyunyu ya nusu saa.

Haiwaki. Au tuseme inawaka, haifiki. Kioo cheusi, maandishi meupe, na mwishoni inasema kwa Kiingereza kwamba kiini cha mfumo kimeingiwa na kiwewe. Nimefungua kamusi nisije nikaisingizia. Ndiyo, kiwewe. Mashine imekiri! Miaka sita niko na Shangazi, hajawahi kukiri hata kwamba kakata karatasi upande.

Kisha nikakumbuka kilichomo ndani. Kiwewe kikahamia kwangu.

Kitabu cha Bibi Mkunga! Miaka arobaini amezalisha watoto wa mji huu, na kila mmoja akamwandikia mistari yake daftarini: saa, uzito, alivyotoka, alivyolia. Watoto 1,846. Mimi ni namba 1,207: "Wa kike. Alitanguliza miguu. Alianza kugomba kabla hajafutwa." Nimechapa miezi mitano, kurasa 312. Mwezi uliopita mchwa waliingia kwenye sanduku lake wakala madaftari yote. Macho yake nayo siku hizi yanaona vivuli tu. Jumamosi anahamia kwa mwanawe, mbali. Ijumaa anakuja kuchukua kitabu, na kitabu kimo humu tu, hakuna pengine.

Rejesta yangu ina safu ya "Nakala ya akiba". Kila Ijumaa nimeweka alama ya vema. Nakala yenyewe sikuwahi kufanya, ila alama zimenyooka sana.

Nimezima na kuwasha mara saba, nikipumzisha dakika tano tano. Matokeo nimeyaandika: kiwewe, mara saba. Nikafungua ubavu wa mashine, nikachomoa kadi ya kumbukumbu, nikaisugua kwa kifutio cha penseli kama nilivyomwona Tuone akifanya. Nikairudisha. Milio mitatu mirefu, kioo kitupu. Hata kiwewe hakuna! Nikaikandamiza hadi ikasema tik. Kiwewe kikarudi. Sikujua kama siku moja ningekishukuru.

Shangazi kauliza mbona nimeifunika kitambaa. Nimesema inapumzika. Akasema hata yeye angependa kupumzika, ila hajatokea wa kumfunika.

Jumatano, 11 Juni. Jua kali tangu saa moja.

Nilipanga kutumia asubuhi kunakili maneno yote ya kioo kwenye daftari, mstari kwa mstari, nikiamini kwamba kitu kikiandikwa vizuri hueleweka. Mistari arobaini na mmoja. Mwandiko wangu bora kabisa. Sijaelewa hata mmoja.

Nikiwa kwenye mstari wa thelathini na nane, Bibi Mkunga akaingia kwa kupapasa ukuta. Alikuwa anapita tu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akauliza mashine iko wapi. Nikauongoza mkono wake hadi juu ya kitambaa. Akauliza kama wote wamo humu. Nikasema wote. Hata pacha wa yule mwashi? Hata hao, bibi. Akakipapasa kitambaa. Kisha akasema ni ajabu, maana yeye alipowapokea wodi nzima haikuwatosha kwa kelele, na sasa wote wamelala kwenye kasha moja, hakuna hata anayekohoa.

Nikajifanya napanga karatasi. Hata mimi nilikuwa nimelala humo, na ni mimi niliyetuchomoa.

Akainua uso, akasema, "Unalia vilevile, mwanangu. Hujabadilika hata kidogo." Nimemwambia ni vumbi la karatasi.

Alhamisi, 12 Juni. Upepo wa wastani. Mawingu ya juu.

Hila mpya, na safi. Nimempigia Tuone kwa simu niliyoazima kwa muuza magazeti, nikabana pua, nikasema mimi ni mama mmoja wa mji mwingine, rafiki yangu ana kompyuta. Hakuniacha nimalize. Akauliza, "Dada, umejibu swali?"

Alikuwa ananong'ona kwa sababu kaketi na baba mkwe wake. Akaniambia niwashe, nikishike kitufe cha Shift, nisiachie. Nikashika. Akaendelea, "Shikilia hivyo hivyo. Usiachie. Taratibu. Haya, achia!" Nikasikia sauti nzito ya baba mkwe ikimuuliza huyo anayeshikishwa ni nani. Ikabidi nipewe mzee. Nikasema shikamoo baba, ni mambo ya kompyuta. Akasema marahaba, akauliza kompyuta gani ya kushikiliwa. Kisha akaamuru simu iwekwe sauti kubwa, naye asikie mpaka mwisho.

Kwenye kioo palikuwa na orodha. Tuone akanieleza, na hapa ilibidi nivute kiti. Kumbe mfumo huu ukipewa kiini kipya hautupi cha zamani! Unakitunza kimya kimya, chini kwenye orodha, kwa siku ambayo kipya kitashindwa. Hakuna aliyeuomba. Hausemi, haujisifu. Mimi nikipata viatu vipya, vya zamani natupa siku hiyohiyo.

Nikachagua kiini cha zamani. Mistari ikaanza kupanda. Nikahesabu pumzi zangu, kumi na tisa. Kisha ikasimama, ikaniuliza jina. Nikaandika. Ikanikubali! Baada ya yote niliyoitenda!

Tuone akanitajia amri herufi kwa herufi, ya kuiambia imalizie kazi iliyokatizwa. Akauliza ilikatizwa ikiwa imefika ngapi. Nikataja. Tuone akaguna. Kisha nikamsikia mzee akisema tisini na nne si mbaya.

Dakika arobaini. Nikazima, nikawasha bila kushika chochote. Kiini kipya kikainuka kama vile hakijawahi kuumwa. Nikafungua kitabu. Kurasa 312. Pacha wa mwashi wapo. Namba 1,207 bado anagomba.

Tuone akasema nitoe nakala leo leo, kisha nisiguse tena mfumo wa kompyuta yoyote mpaka arudi. Nimeandika agizo lake daftarini na kulipigia mistari miwili kwa rula.

Ijumaa, 13 Juni. Asubuhi tulivu, anga safi.

Nimechapa tangu saa moja. Nimejalidi kwa uzi, jalada la kijani. Bibi Mkunga amekipokea kwa mikono miwili, mmoja chini ya uti wa kitabu, mwingine chini ya kichwa. Akakipima kidogo, akasema kina kilo moja na robo, afya njema. Shangazi akakiweka kwenye mizani. Kilo moja na robo kamili!

Nimemsomea namba moja mpaka ishirini. Kila mmoja alimkumbuka kabla sijamaliza mstari.

Shangazi, niliyemsimulia jana kwa ufupi, amemtangazia Bibi kwamba mashine ilikufa na ni mimi niliyeifufua peke yangu. Mtu hamkosoi shangazi yake mbele ya mgeni.

Mwalimu mkuu wa sekondari ya ng'ambo ya barabara alikuwa anasubiri rejesta zake, akasikia yote. Akaniambia ana kompyuta kumi na mbili, Linux hiyohiyo. Nikamuuliza mara ya mwisho ziliboreshwa lini. Hajui. Anasema zinafanya kazi vizuri tu. Maskini! Watu wanaishi hivyo!

Tumekubaliana kesho saa mbili asubuhi. Nitaziboresha zote kumi na mbili kwa pamoja, kuokoa muda. Aliuliza kama kwanza ahamishe kazi za mwaka mzima za kidato cha nne. Nimemwambia asijisumbue, yupo na mtu mzoefu.

Naingia kitandani. Saa tatu na dakika kumi.