Malalamiko Dhidi ya Nesi Aliyemtaja Mgeni Wetu kwa Jina

Kwa Ndugu Msimamizi wa Zahanati,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na foleni ya asubuhi imepungua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi, mkazi wa nyumba ya tatu nyuma ya shule ya sekondari, ile yenye geti la kijani lisilofunga vizuri. Nimefundisha miaka thelathini na moja bila kumshitaki mtu kwa maandishi, kwa hiyo utaelewa kwamba sikukurupuka. Nimeiandika barua hii mara tatu, na hii unayoisoma ndiyo ya upole.

Namshitaki nesi wako, yule mrefu anayebandika saa kifuani. Kwa kuwa hukuwapo mambo yalipoanza, niruhusu nieleze kwa utaratibu.

Nyumbani kwangu tunaishi watatu: mimi, mke wangu, na mjukuu wetu wa kike wa miaka kumi na minne. Mtoto alivunja ungo mwaka jana. Habari hiyo ilinifikia kwa njia ya heshima, yaani haikunifikia. Mke wangu alimfundisha kwamba jambo lile la kila mwezi likitokea aseme "mgeni amefika," basi. Mimi sikufundishwa kitu.

Siku moja mchana nilikuwa sebuleni nasahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu, kama nifanyavyo tangu nistaafu, nikasikia maneno kutoka jikoni.

"Bibi, mgeni hajafika. Mwezi wa pili huu."

"Atakuja tu. Labda kakwama njiani."

"Na asipokuja?"

"Hebu maliza vyombo."

Sasa, Ndugu Msimamizi, mgeni aliyekuwa ametuahidi kuja ni mmoja tu: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi cherehani anayeishi mbali na ambaye huahidi kuja kila mwaka. Nikapaka rangi chumba cha nje. Nikanunua godoro. Nikaenda stendi Jumamosi mbili mfululizo, nikarudi peke yangu. Jumamosi ya pili nilisema maneno fulani mezani, na nayanukuu kwa sababu yanahusika na shauri hili: "Mgeni huyu asipofika wiki hii, nataka nielezwe kuna nini. Na mtu wa namna hii simtaki tena humu ndani."

Mke wangu alidhani nimegundua mambo, akainama. Mjukuu wangu aliweka kijiko chini, akaondoka mezani. Nilidhani ameshiba.

Wiki iliyofuata nesi wako alikwenda shuleni kwao akiwa na kopo la maziwa lililotobolewa tundu juu. Wasichana waliambiwa waandike maswali bila majina na kuyatumbukiza humo. Moja ya karatasi hizo ilisema hivi (nimeonyeshwa baadaye na mwandishi wake, kwa hiari yake): "Mgeni wangu hajafika miezi miwili. Kuna mvulana wa darasani aliazima sweta langu siku ya mvua akalirudisha limelowa. Wenzangu wanasema hiyo inatosha kupata mimba. Babu amesema hanitaki tena nyumbani. Nimenunua vidonge kumi kwenye kioski, wanasema vinamleta. Nimeze vyote pamoja au nigawanye?"

Hayo ndiyo yaliyotokea. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Nesi ameharibu lugha. Alikuja nyumbani kwangu siku hiyohiyo alasiri, amefuatana na mjukuu wangu, akanikuta chumba cha nje nimekalia godoro jipya. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mtoto ameniomba nimsaidie kukueleza. Mgeni mnayemsubiri anaitwa hedhi. Haji kwa basi." Alisema hivyo bila kukohoa. Nataka jambo hili lieleweke vizuri. Tangu nizaliwe, maneno ya aina hiyo hutanguliwa na kikohozi, ili aliye karibu apate nafasi ya kuangalia dirishani. Mimi nilikohoa kwa niaba yake mara kadhaa, yeye akanipa maji ya kunywa.

2. Nesi anahalalisha uchelewaji. Alisema kwamba msichana akishavunja ungo, miaka miwili mitatu ya mwanzo mwili bado unajipanga. Hedhi inaweza kurudi baada ya wiki tatu, au baada ya wiki sita, au ikaruka mwezi mzima, na hiyo si dalili ya mimba wala ya utasa. Alisema cha kufanya ni kuandika tarehe kwenye daftari. Ikipita miezi mitatu kavu, au damu ikizidi mno, au maumivu yakimwangusha kitandani, aje zahanati.

Mimi nilikuwa mpanga ratiba wa shule kwa miaka kumi na tisa. Kipindi cha kwanza kilianza saa mbili kamili, iwe mvua, iwe msiba wa mwalimu mkuu. Kama mwili wa mwanafunzi unaruhusiwa kuchelewa wiki mbili bila hata barua ya mzazi, kengele ni ya nini? Nilimuuliza hivyo. Akanijibu, "Mwalimu, mwili haujasikia hiyo kengele."

Kisha akaongeza kwamba amempima mtoto, hana mimba, hana ugonjwa, ila amepungua uzito kwa kutokula tangu siku ile ya mezani, na kwamba njaa na hofu navyo huzidi kuchelewesha. Yaani mimi niliyekuwa namharakisha mgeni ndiye niliyekuwa namzuia mlangoni. Hoja hii naipinga vikali. Bado natafuta pa kuipingia.

3. Nesi aliingilia mamlaka ya mkuu wa kaya. Baada ya kuisoma ile karatasi alilitangazia darasa zima kwamba aliyeiandika asimeze hata kimoja, na kwamba yeye atakuwa chini ya ngazi za maktaba mpaka shule itakapofungwa, kwa yeyote mwenye kitu cha kumpa. Mjukuu wangu akaenda, akafungua kitambaa, akatoa vidonge kumi: vinne vyeupe, sita vya rangi ya chungwa, vyote kutoka kopo moja la peremende. Nesi anasema hata yeye hakuvitambua. Anasema hakuna kidonge cha kioski kinachoweza kumwita mgeni, ila vipo vinavyoweza kumwondoa mwenyeji.

Hayo yote yalifanyika bila mimi kushirikishwa. Ni kweli kwamba saa hiyo nilikuwa stendi na mwavuli wa akiba, nikimsubiri fundi cherehani. Lakini ningeweza kutafutwa.

4. Nesi anajibu anachoulizwa. Wasichana wa madarasa ya juu, waliokusanywa humohumo, waliuliza jinsi ya kuzuia mimba, naye, badala ya kuwauliza wamelisikia wapi jambo hilo, akawajibu. Akataja kondomu, vidonge vya majira, sindano na kijiti. Mimi nimeshika kijiti mbele ya ubao miaka thelathini na moja na sikujua kwamba kingeweza kukaa chini ya ngozi ya mkono kwa miaka mitatu na kuzuia mimba. Wakamuuliza kuhusu kuhesabu siku za hatari. Akasema msichana ambaye hedhi yake inarukaruka asiitegemee hesabu hiyo, itamwangusha. Nimeipitia hesabu yenyewe na kalamu yangu nyekundu, na kwa masikitiko sikuona kosa. Akamalizia kwamba kusubiri nako ni njia, kwamba hakuna mwenye haki ya kumlazimisha msichana, na kwamba aliyelazimishwa aende kwake hata kama ameambiwa anyamaze. Darasa lilikaa kimya, mjukuu wangu anasema, kimya cha kusikiliza. Mimi kimya hicho sikuwahi kukipata, hata siku ya mtihani.

5. Mke wangu ameambukizwa. Tulikaa pamoja miaka arobaini bila yeye kutaja lolote. Sasa, tukiwa tunamenya viazi, ameniambia kwamba alipokuwa na umri wa mjukuu wetu mgeni wake alikosekana miezi minne, akaamini anakufa, akagawa nguo zake kwa wadogo zake. "Ukamwambia nani?" nikamuuliza. "Ningemwambia nani, na wote walikuwa wanakohoa?" Viazi vyangu siku hiyo vilitoka vidogo sana.

6. La mwisho ndilo zito. Nesi huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Kitabu chetu cha sayansi kilikuwa na sura kumi, na Sura ya Tisa ilihusu uzazi. Kila mwaka, tulipofika hapo, nilikohoa na kusema, "Hii mtajisomea nyumbani," kisha tukaingia Sura ya Kumi, ambayo ni sumaku. Nilisema hivyo kwa wanafunzi wasiopungua elfu mbili, nikiwa na imani kamili kwamba hakuna atakayejisomea. Yeye akaenda akajisomea. Huo ni utovu wa nidhamu wa aina ambayo kanuni za shule hazikuutazamia.

Mjukuu wangu naye, kabla ya kwenda kioski, alikwenda kwanza kwenye kabati langu la vitabu. Alikikuta kitabu hicho. Alikuta kurasa za Sura ya Tisa zimebanwa pamoja kwa pini nne za ofisini, nilizozibana mwenyewe, naye ni mtoto mtiifu. Akakirudisha mahali pake.

Kwa sababu hizo naomba zahanati yako ichukue hatua hizi. Nesi apewe onyo la maandishi. Arudishiwe maneno ya heshima, yaani "mgeni," "yale mambo," na "kule." Afundishwe kukohoa. Na kuhusu hedhi za wasichana wote wa eneo hili, itolewe ratiba moja, isainiwe na wewe, nakala ibandikwe getini.

Nisalimie mlinzi wa getini kwako, mama wa dirisha la kadi, fundi wa maabara, na wote waliokaa kwenye lile benchi refu lenye mguu mmoja mfupi. Waambie namba zao zitaitwa.

Ni mimi, nikiwa na masikitiko yaliyopangwa vizuri,

Mwalimu Mstaafu wa Sayansi
(Sura ya Kwanza hadi ya Nane, na ya Kumi)

Nyongeza baada ya sahihi: Barua ilikuwa tayari, natafuta bahasha, yakatokea mengine, na sina karatasi ya kuanza upya.

Shemeji amefika. Nilikuwa nimemwandikia barua kali, akaja na mashine yake ya kushonea, bila kujua kosa lake. Nimemweleza mjukuu wangu kwamba mtu niliyesema simtaki humu ndani alikuwa shemeji. Shemeji naye amesikia, kwa kuwa tulikuwa meza moja. Mjukuu wangu alicheka mpaka akaomba aongezewe chakula, mara ya kwanza baada ya wiki tatu, na shemeji anasema kwa hilo amenisamehe.

Leo asubuhi mtoto amekuja na daftari lake akasema, "Babu, hedhi imeanza." Shemeji akakohoa. Mimi sikukohoa. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema kidogo, nikamuuliza kama pedi zipo, akasema imebaki moja. Nilikwenda dukani nikazitaja kwa jina, pedi. Mwenye duka alitaka kuzifunga kwenye gazeti. Nikamwambia gazeti nalihitaji.

Kwa hiyo onyo lile kwa nesi usiliandike. Badala yake mwambie kwamba mkuu wa shule amekubali ombi langu, na Jumatano kipindi cha tatu nitafundisha Sura ya Tisa, nikiwa nimechelewa miaka thelathini na moja. Aje na lile kopo lake, akae nyuma, anisahihishe pale nitakapokwama. Yeye alishaisoma.

Humu ndani ya bahasha nimeweka pini nne. Zina kutu, angalieni vidole.