Gesi ya Pipa Uani Kwangu

Jumatatu, 3 Juni 2024. Kasulu.
Leo tena majirani wote wako kwa Dadi, mwenye duka. Nimewahesabu kutoka dirishani: saba! Ameweka jiko la gesi mbele ya duka, chai haikatiki, watu hawabanduki. Zamani walikuwa wanakaa uani kwangu. Zamani mke wangu Generosa alikuwa hai. Mabenchi mawili sasa, mtu mmoja. Nimeamua: nitatengeneza gesi yangu mwenyewe, warudi.

Jumanne, 4 Juni.
Nimemfuata Mwalimu Herieth wa kemia. Kasema gesi ya samadi ni methani: kaboni moja, hidrojeni nne. Huwaka bluu, bila masizi. Mafuta ya taa yana kaboni nyingi zilizoshikana kama mnyororo, ndiyo maana yanatoa moshi. Kumbe hata kaboni imezungukwa na wanne. Nikafunga daftari kidogo.
Kasema nichanganye samadi na maji, nizibe hewa, nisubiri kama mwezi. Mwezi! Dadi atakuwa ameshachukua mtaa mzima.

Alhamisi, 6 Juni.
Pipa tayari. Samadi kutoka kwa Ndayikunda, jirani. Tyubu ya trekta juu, ya kukusanyia gesi. Halafu nikawaza: Generosa akitia mtama wa kukaanga kwenye maji ya ndizi, kesho yake pombe inachemka bila moto. Kwa nini samadi isubiri mwezi? Nimetia debe zima la mtama na machicha ya pombe. Nilikoroga kwenda kulia. Generosa alikuwa akikoroga kwenda kushoto. Nikaanza upya.

Jumamosi, 8 Juni.
Tyubu imevimba! Siku mbili tu! Walimu hawa wanapenda kuchelewesha watu. Nimealika wote kesho saa kumi, hata Dadi, ili aumie. Nimeosha vikombe tisa. Kile chenye ufa, cha Generosa, nimekirudisha kabatini.

Jumapili, 9 Juni.
Wamekuja wote. Nimefungua bomba, nikawasha njiti. Ikazimika. Ya pili, ikazimika. Nikaleta mshumaa. Nao ukazimika!
Dadi akanusa. Akaniuliza, "Mzee Nestori, hili ni jiko au kilabu?" Ndayikunda akacheka mpaka akashika ukuta, akasema ng'ombe wake hawajawahi kulewa. Herieth akaeleza taratibu kwamba mtama na machicha vimeleta uchachu, vijidudu vinavyotengeneza methani vimeshindwa, na tyubu imejaa kaboni dioksidi. Ile inayozima moto.
Aibu! Dadi mwenyewe akaenda kuleta mkaa. Tukanywa chai. Wakasimulia siku Generosa alipomfukuza mbuzi wa Dadi kwa mwiko hadi sokoni, kumbe mbuzi si wa Dadi. Wakakaa hadi adhana ya magharibi. Sikumbuki lini nilicheka hivyo.

Jumatatu, 10 Juni.
Ua kimya. Asubuhi Herieth kapita, kasema, "Mzee wangu, jana tulifurahi. Siku nyingine tuite tu, hata bila gesi."
Nimemwelewa vizuri. Wananihurumia. Hawana tena imani na pipa langu! Basi simwiti mtu mpaka moto wa bluu uwake.
Jioni Ndayikunda kabisha hodi, anauliza kama kuna chai, yuko na Dadi. Nimewajibu mlango ukiwa umefungwa: warudi makwao, nina kazi, siku ikifika nitawaalika.