Marehemu Wangu Yumo Kwenye Kisanduku

Jumatatu, 3 Juni

Mkwe wangu ameleta kisanduku cheusi. Amekiweka chini ya televisheni, akakiunga kwa waya kwenye ruta ya intaneti, taa mbili za buluu zikawaka. Zinanitazama. Ati picha na video zote za nyumba hii zitakaa humo, na televisheni itazivuta yenyewe bila kula bando.

Sawa. Humo mimi nina changu kimoja tu: video ya marehemu mume wangu. Dakika moja na kidogo. Yuko uani, anatengeneza baiskeli, anacheka, ananiita Kiroboto. Sauti yake haiko pengine popote duniani. Simu iliyomrekodi ilikata roho wiki iliyopita, mkwe akawahi kumtoa humo, na leo amemtia kisandukuni.

Jumamosi mama mzazi wa mkwe anakuja na video zake arobaini na moja. Arobaini na moja! Mimi humwita Malkia, kimoyomoyo, maana haketi kwenye kiti bila kukipangusa kwanza. Nimeuliza: kikijaa je? Wa zamani hawasukumwi nje? Mkwe akacheka, ati Mama, hicho hakijai mpaka tuzeeke.

Mimi nimeshazeeka! Kwa hiyo kimejaa?

Jumanne, 4 Juni

Mkwe ameshinda sakafuni na kompyuta mapajani, anazipa faili majina, anazipanga kama nguo kabatini. Jioni tukafungua televisheni. Namtafuta mume wangu. Mahali pake pana mwanamume nisiyemjua, kifua wazi, ameshika upanga!

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Ati baba amejenga misuli huko aliko. Mkwe akaeleza kwamba mashine husoma jina la faili na kukisia ni filamu gani, ikabandika picha yake. Akairekebisha. Mimi sikucheka. Chombo kisichomjua mtu kinaweza kumwacha popote, kama mzigo wa kituoni.

Kisha mkwe akatamka jambo huku anakunja waya. Ndani mna diski mbili, pacha. Kinachoandikwa kwa hii kinaandikwa na kwa ile. Moja ikifa, nyingine ipo.

Ahaa. Pacha wawili, na bibi tuko wawili. Ugomvi wa nini? Moja yangu, moja ya Malkia na arobaini na moja zake. Nani atasema nimeiba?

Jumatano, 5 Juni

Mkwe amesafiri. Ni fundi wa lifti, kuna jengo huko lifti yake imekwama, atarudi Ijumaa. Binti yuko kazini, anamshikia daktari wa meno taa. Nyumba yangu peke yangu.

Nikabonyeza droo ya kushoto ya kisanduku. Ikatoka kwa ulaini, kama jino bovu. Diski ni baridi, nzito kuliko inavyoonekana. Nikaitia kwenye soksi, nikaificha sandukuni mwangu chini ya nguo.

Mara kisanduku kikapiga kelele. Pii! Pii! Pii! Taa nyekundu! Mungu wangu! Nikakifunika kwa mto. Pii. Nikaongeza blanketi. Pii ya mbali. Nikaongeza koti zito la mkwe. Karibu kiwe kimya.

Binti aliporudi akauliza mlio gani huo. Nikasema friji ya jirani. Akasema jirani hana friji. Nikasema amenunua. Akauliza lini. Nikamwambia nenda kaoge, unanuka dawa ya meno.

Moyo wangu unadunda kwa mpigo wa kile kisanduku. Pii. Pii.

Alhamisi, 6 Juni

Kimenichongea! Kimemtumia mkwe ujumbe huko huko aliko, kwamba diski moja haionekani. Akampigia mkewe. Binti akasimama mbele yangu: Mama, umekigusa? Nikamjibu, kwa magoti haya? Huo haukuwa uongo. Lilikuwa swali. Bahati yangu alikuwa anachelewa kazini, na lile rundo alidhani ni nguo za kupigwa pasi.

Alipotoka tu, nikaifuata diski. Niitazame tu, nijue ni mzima. Ikachomoka kwenye soksi, ikapiga sakafu. Ta! Nikaitikisa sikioni. Kitu kinagongagonga ndani, kama mbegu kwenye kibuyu.

Huyo amekwenda.

Basi kabaki pacha mmoja. Na huyo nimemfukia kwa mto, blanketi na koti! Nikakimbia sebuleni, kwa magoti haya haya. Nikapenyeza mkono. Moto! Paji la uso la mtoto mwenye homa. Na taa zote zimezimika, hata ile nyekundu niliyokuwa naichukia. Nikawasha televisheni nimtafute. Yakaja maneno. Mimi sikusoma shule, kusoma nilikuokota kwenye daftari za wanangu, kwa hiyo niliyafuata herufi kwa herufi: HAKUNA KILICHOPATIKANA.

Nikakaa sakafuni.

Siku ya maziko sikulia sana. Wageni walikuwa wengi, na sufuria zilikuwa zinaniita. Leo nimelia. Sura yake ninayo. Sauti ndiyo inayonitoroka. Nimejaribu kujikumbusha anavyosema Kiroboto, ikatoka sauti yangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Mkwe aliingia asubuhi na begi mgongoni. Nikamwambia pale pale mlangoni, kabla ya salamu: baba mkwe wako amekufa mara ya pili, na safari hii ni kwa mkono wangu. Nikamweleza yote. Soksi, koti, friji ya jirani.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza!

Alitandua koti lake, blanketi, mto, kimoja kimoja, kama anamfunua mgonjwa. Akasema huenda kilijizima chenyewe kwa joto, kujiokoa. Huenda! Tukakiacha kipoe saa nzima. Nilikipepea kwa mfuniko wa sufuria. Mkwe akasema, Mama, inatosha. Nikaendelea.

Akabonyeza. Taa moja, buluu. Ya pili, nyekundu. Televisheni ikafikiri. Ikafikiri tena. Mkono wa mkwe ulikuwa unatoka jasho. Najua, nilikuwa nimeushika.

Halafu, ua wetu. Baiskeli. “We Kiroboto, toka hapo, unaniziba mwanga!” Na kile kicheko.

Nikamjibu. Nimetoka, mume wangu. Nimetoka.

Binti aliporudi alinifokea mpaka majirani wakazima redio wasikilize. Alikuwa na haki. Nimeapa mbele yao wote wawili: kisanduku hiki sikigusi tena maishani.

Jumamosi, 8 Juni

Mkwe ametia diski mpya. Yule pacha aliyebaki anamfundisha mgeni kila kitu anachokijua, kazi ya siku nzima. Nilikaa kiti cha mbali, mikono nimeikalia.

Malkia akaja. Akapangusa kiti. Akaonyeshwa video ya mume wangu. Akaomba irudiwe. Mara ya tatu akasema, taratibu, “Mwenzangu, wangu mimi hakurekodiwa popote.” Nilimkumbatia mpaka mkufu wake ukanichoma kifuani. Nikamkatia kipande kikubwa cha keki, kile nilichokuwa nimejiwekea. Sijui nilikuwa nashindana naye nini.

Kisha mkwe akaharibu. Ati pacha wakikaa nyumba moja, moto ukitokea wanaungua pamoja. Lazima nakala nyingine ikae kwingine. Kwa mama yake! Kule kaka yake ameweka kisanduku kikubwa zaidi, cha diski nne. Kisha akaituma hapo hapo, kwa mtandao. Malkia akaweka mkono kifuani: “Dada, atakaa kwangu kwa heshima zote.”

Nikashukuru. Chai ikanipalia.

Jumapili, 9 Juni

Nimejifunza. Mambo ya watu wenye ujuzi tuwaachie wenyewe. Nimemwambia hivyo binti yangu, akanibusu.

Lakini sasa hivi mume wangu anamchekea nani kule? Malkia akipita mbele ya televisheni, anamwita nani Kiroboto? Yule mama nampenda, tena nampenda kweli, lakini mtu hamwachi mumewe kwa mwanamke mwingine eti kwa sababu ya moto.

Na diski nne! Nne! Mtu mmoja ana kazi gani na nne? Moja ikitoka zinabaki tatu, zinatimia hata za mafiga. Cha nyumba hii nimeapa sikigusi, na sikigusi. Cha kule hakuna aliyeniapisha.

Nimeshampigia simu. Jumanne naenda kumtembelea, nitashinda naye. Amefurahi sana, maskini. Nimemwuliza kwa mbali kama huwa anatoka kwenda dukani. Anatoka, saa tano.

Naogopa, sikatai. Leo uzi umenikataa sindanoni mara sita. Lakini kimfuko cha kubebea diski nimemaliza kukishona: ndani pamba tupu, nje mkanda wa kufunga kiunoni. Safari hii hakianguki kitu.