Bili ya Taa Isiyowaka

Rosina mwenzangu, leo aibu yangu imeonwa na nusu ya mji wa Mbeya.  Usianze kucheka sasa hivi.

Unamkumbuka Mama Bahati, jirani yangu hapa Iyunga, yule mjane anayepigia watu nguo pasi? Ndiyo kazi inayolisha watoto wake. Mwezi huu bili yake ya umeme imekuja imevimba kama andazi. Tuliisoma, tukaigeuza juu chini, hatukuelewa kitu ila mstari mmoja: "Taa za barabarani." Taa zipi? Nguzo ya mtaani kwetu haijawaka tangu isimikwe! Wanaoifaidi ni kunguru. Huku mbele ya ofisi ya mji wamejenga bwawa la kurusha maji, lina taa za rangi, zinawaka hadi mchana wa jua kali. Kumbe tunazilipia sisi!

Na chini wameandika: asipolipa leo, anakatiwa. Pasi ya mkaa ilikwisha toboka zamani. Mwenyewe ni Msafwa, mpole, Kiswahili cha ofisini kinamtisha. Akanishika mkono: "Mama Ambakisye, wewe umesoma Tosamaganga. Nisemee."

Kichwa kikavimba. Nikajifunga kanga, tukaenda.

Ofisi ya umeme ilikuwa imejaa. Rosina, nilisema! "Ndugu karani, nionyeshe taa ninayolipia, nikakae chini yake nifume!" Foleni nzima: "Mwambie huyo!" Nikapiga kaunta kofi. "Na hilo bwawa la kurusha maji ni la nini? Mvua ya Mbeya haitoshi?" Watu wakashangilia. (Hapo ndipo ningefunga mdomo nikarudi nyumbani.)

Mara nikasikia kikohozi mlangoni. Kikohozi kile nakijua. Baba mkwe!

Nyie huko Iringa labda mnaulizana hali na wakwe zenu. Sisi Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe. Simtazami, sisemi naye, hata jina lake silitaji. Miaka yote hii nikimwona kwa mbali naingia kichakani. Sasa leo kichaka kiko wapi? Mlango ni mmoja, na yeye kausimamia, bili yake mkononi.

Nikainua kibao cha kaunta, nikajitupa ndani, puu! Chini ya meza ya karani. Kanga kichwani.

"Mama! Unafanya nini miguuni kwangu?"

"Endelea na kazi, ndugu yangu. Nakuomba."

"Toka huko!"

"Sitoki! Baba mkwe wangu yuko hapo."

Karani ni mtu wa pwani, akadhani nimepagawa. "Basi," akamwambia Mama Bahati, "msemaji wako kaingia uvunguni, maneno yamekwisha. Mchana mafundi wanakuja kukata."

Nikamsikia Mama Bahati analia taratibu. Iliniuma, Rosina. Nikitoka, namvunjia mzee heshima mbele ya umati. Nikinyamaza, watoto wa mwenzangu wanalala njaa. Nimekaa pale nakodolea viatu vya karani.

Ndipo mzee akasema, kwa upole kabisa: "Ndugu karani, huyo usimtoe. Mimi nageukia ukutani. Aseme mpaka amalize. Hata mimi nimeletewa bili ya taa nisiyoijua."

Nikachungulia kidogo (Mungu anisamehe). Kweli! Mzee mzima, koti lake zito, kofia mkononi, ameelekea ukuta kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikafumba macho, nikasema yote: nguzo, kunguru, bwawa, pasi, watoto. Nikiyaambia magoti ya karani! Watu hawakucheka. Yaani, walijitahidi.

Karani akashika kalamu. "Haya, nayaandika. Jina lako wewe msemaji?"

Jina! Mama Ambakisye ni la mtaani; kwenye bili nimeandikwa jina la ukoo wa mume wangu, na hilo ndilo jina la mzee. Nilitajeje?

"Mama, jina!"

Nikavuta kanga hadi kidevuni.

"Andika langu," sauti ikatoka ukutani. Akalitaja mwenyewe, polepole, mpaka likaandikwa. "Na huyu mama asikatiwe umeme mpaka mje muione hiyo nguzo. Nitarudi kuuliza."

Karani akagonga muhuri: wasikate. Mzee akatoka akiambaa na ukuta, hakugeuka hata mara moja. Saa hii Mama Bahati anapiga pasi, namsikia akiimba. Mimi nina nundu ya meza kichwani, na kila apitaye dirishani ananiuliza habari za uvunguni.

Haki tumeipata, uso wa kutokea nje ndio sina. Basi cheka, maana najua umekwisha anza. Lakini chekea jikoni, na mumeo akiuliza barua inasemaje, mwambie nimeulizia bei ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni.